Kovu la ndui na unga mweusi wa bibi

Tabora, Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu.

Leo nimempeleka mjukuu wangu Zuhura chanjo, mama yake yuko kazini. Nesi, binti wa hapahapa mtaani kwetu Ng'ambo, akaliona kovu la begani kwangu.

"Shikamoo babu. Hili ni la chanjo ya ndui au ulichomwa mkuki?"

"Marahaba. Ni la ndui. Sehemu iliyobaki alimalizia bibi yangu, nikiwa mtoto."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwaka niliochanjwa tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kaliua. Wachanjaji walikuja, wakatukwaruza mabega, wakaondoka. Bibi akanikagua, akafoka: "Wamemchanja, hawakutia kitu! Mtoto wamemwacha wazi!"

Kwake kazi hiyo ilikuwa ya zamani. Chanjo imetokana na kuchanja, kukata ngozi kwa wembe. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani. Kabla ya kujitwika mzigo, wapagazi walichanjwa miguuni na kusuguliwa unga mweusi wa dawa, ili njia isiwale. Kinga ya hospitali ilipokuja, watu wakaiita kwa jina walilokuwa nalo. Ila kuchanja bila kutia dawa, kwa bibi, ni kumjeruhi mtu tu.

Basi akanisugua unga wake.

Bega likavimba, homa ikanilaza. Mtihani wa darasa la saba ulinipita nikiwa kitandani, mimi niliyekuwa nawashinda wote kwa hesabu. Sekondari nikaishia kuisikia redioni. Mashine ya kusaga na nyumba hii nimejitafutia mwenyewe, na kila nilipojumlisha maisha yangu, bibi nilimweka upande wa hasara.

Sikujumlisha kwamba alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mvulana mrefu kuliko yeye, akinisihi kwa Kinyamwezi nisife.

Nesi akamdunga Zuhura pajani. Mtoto akapiga ukelele, uso wote machozi. Nikamkumbatia: basi mama, basi, yameisha.

"We babu! Usisugue hapo!"

Nikatazama chini. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya tone la damu, kinasugua taratibu, kama kinatafuta unga.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa, bibi?

Jumamosi napanda treni ya Kaliua. Kaburi lako limeota majani, na jembe ninalo.