Kabla ya Venisi, Nakupitia Awendo

Achieng', nyamera,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kijaluo nitalia kabla sijamaliza mstari wa kwanza, dada yangu, na leo sitaki kulia. Leo nina hasira. Nilitaka kuanza na "tangu ulipotuacha", vile watu huandika, nikaikata. Hukutuacha. Uliuawa.

Kwanza nikupe habari ya safari. Italia iko. Watu walidhani nitaiacha, wengine hata waliniambia niitoe hiyo pesa tuliyoweka akiba kwenye chama nimjengee Mama jiko. Nikakataa. Nilichukua mipango yetu ya watu wawili nikaifanya ya mtu mmoja. Roma nina chumba kidogo karibu na stesheni ya treni, ndio nisizunguke na mizigo kama mtu aliyefukuzwa. Kutoka Roma napanda treni hadi Napoli, halafu Florensi, halafu Venisi mwisho kabisa, na ndege ya kurudi naipandia huko huko Venisi. Umeona? Ni njia yako. Mimi nilitaka Napoli iwe ya kwanza kwa sababu ya pizza, na wewe ukaniambia, "Tumbo lako lisitupangie safari." Haya, umeshinda. Uko wapi sasa unicheke?

Najua kwa nini ulitaka Venisi iwe mwisho. Tangu ziwa lilipopanda likameza jiko la Mama na kile choo kipya, tukapanda mlimani na magodoro kichwani, ulikuwa na swali moja tu. Hao watu wa Venisi wanawezaje? "Maji yako mlangoni kwao na hawahami. Nataka kuwaona na macho yangu." Juzi nimesoma kwamba hata wao maji huwapandia, wanapanga mbao barabarani na kuvaa gambuti kwenda kazini. Nilishika simu nikupigie. Nikakumbuka, nikaitupa ukutani.

Viza nilipata. Yule afisa nyuma ya kioo hakuwa mbaya. Aliangalia makaratasi yangu akauliza, "Unasafiri na nani?" Kwa sauti ya kawaida tu. Ni lile swali, Achieng'. Ni lile lile.

Jina lake sitaliandika hapa. Unajua ninayemsema. Ulikuwa kwako Awendo, unakunja nguo kitandani, simu umeiegemeza kwenye mto. Mimi niko saluni Homa Bay, mteja nimemsuka nusu kichwa, na tunabishana juu ya Napoli kama wajinga. Mlango wako ukafunguka. Nikasikia, "Unaenda na nani huko?" Ukamjibu, "Na dada yangu, si huyu hapa, msalimie." Ukaigeuza simu anione. Na mimi nikamwona. Niliona uso wake, na nikaona ile panga yake ya kukatia miwa. Kisha simu ikaanguka, nikabaki naangalia mabati ya nyumba yako na kusikiliza. Nilisikia yote. Nilisikia ukimwita kwa jina. Nilisikia ukiniita mimi. Nilipiga kelele hadi mteja akatoka mbio na nywele zake nusu, lakini kelele za Homa Bay zitafika Awendo saa ngapi?

Mpaka leo sipiti mbele ya bucha. Nikisikia panga ikigonga mfupa, natapika.

Kuna jambo lingine ambalo hujaambiwa, na lazima ulisikie kutoka kwangu. Kwetu mtu akifa mbali habebwi kama gunia. Mtu wa kwao lazima asimame pale alipofia, amwite jina, amwambie twende, na njiani amtajie kila senta, kila mji wanapofika, ili asipotee. Kwako kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi, si unajua hakuna anayemshinda. Basi tukakuchukua mochari, tukaja na jeneza hadi getini kwako. Tukakuta watu wa mume wako wamefunga njia kwa trela ya miwa, wanasema mke huzikwa kwa mumewe. Kwa mumewe! Yule yule aliyekukatakata kama muwa! Mjomba akawaambia watoe trela. Wakajibu kwa mawe.

Shangazi alifungua mdomo akuite, na jiwe likampata hapo hapo mdomoni. Meno yakatoka na damu. Walikuwa wanatupiga na vipande vya miwa, na kina mama wao pia, wale uliokuwa ukiwapikia. Mimi niliokota jembe. Nilimpiga kaka wa mume wako begani, nikasikia mfupa, nikainua tena. Walinishika watu wetu. Wasingenishika, Achieng', kesho kortini tungeshtakiwa wawili, yule na mimi. Dereva akageuza gari akakanyaga mafuta, na hakusimama hadi Rodi Kopany. Shangazi alikuwa anatema damu kwenye leso. Mimi nilikuwa nimelalia jeneza lisigonge huku na huku. Rongo tulipita kama wezi. Hakuna aliyekuita. Hakuna aliyekuambia twende.

Tukakuzika nyumbani, juu ya mlima, mahali unaona ziwa lote. Mama anafagia hapo kila asubuhi. Akimaliza anarudi na ufagio wake, anakaa chini, anasema, "Pale hakuna mtu. Mtoto wangu mlimwacha Awendo." Mchungaji amemwombea, amemkemea, amechoka. Mama anamsikiliza vizuri, anamkaribisha chai, halafu anasema tena yale yale. Na mimi najua hakosei. Nilikuwa kwa hilo gari.

Sasa sikia ya Baba mdogo. Unamjua. Niliposema nasafiri peke yangu, alinipigia makelele mbele ya watu. "Mwanamke peke yake Ulaya, unaenda kuuza nini?" Alisema akiiona pasipoti yangu ataipasua, nikaanza kulala nayo ndani ya foronya. Basi wiki iliyopita si amekuja na kuku! Jogoo mzima, miguu imefungwa. Ananiita mwanangu. Ananiambia nimeteseka, niende nipumzike, nione dunia. Nikafikiri Mungu amemgusa, nikamwekea chai. Halafu akasema, "Ila usibadilishe tarehe. Hata wakikuitia nini, wewe panda ndege yako."

Nani aniitie nini? Nilikuwa sijapata hata barua ya korti. Nikatoka nje, na pale barabarani kulikuwa na pikipiki inangoja, na aliyekalia kiti cha nyuma, bega limefungwa, ni yule kaka wa mume wako. Nilipiga simu kwa yule mama wa ofisi ya mashtaka, anayeshika kesi yako, nikiwa nimesimama hapo hapo. Akaniambia ndiyo, tarehe ya kesi imetoka, ni korti ya Migori, na mimi ndiye shahidi aliyeona. Nikahesabu. Siku hiyo ningekuwa Napoli, nakula ile pizza.

Yaani waliniombea safari njema ili kesi ikose shahidi, yule arudi nyumbani kwake.

Nilirudi ndani. Kuku nilimtupia Baba mdogo usoni, chai ikafuata, na sahani za Mama zikafuata chai. Nilimshika kola nikamsukuma hadi mlangoni, mzee na mvi zake, na sikuona aibu. Alikuwa anasema, "Yule amekufa, Akinyi, kumfunga mwanaume wa watu hakutamrudisha." Mama alikuwa amekaa kwa kona. Akainuka, akachukua ufagio, akamfagia miguu Baba mdogo mpaka akatoka uani. Hapo ningekuwa nacheka kama ungekuwepo.

Safari nimeisogeza mbele. Ndege walinilipisha faini, wenye vyumba Roma wamekubali, Florensi wamekubali, yule wa Venisi amekataa katakata, nitatafuta kwingine. Leo ndiyo siku ningekuwa Roma, kesho Napoli. Niko hapa jikoni, gauni langu jeusi limepigwa pasi, nakuandikia.

Naogopa, nyamera, sitakuficha. Atakuwa amekaa pale ananiangalia. Wakili wake ataniuliza niliona nini kwa kioo kidogo cha simu, na mimi nina hasira hii yote, naweza kuruka pale kizimbani nikamng'oa macho. Shangazi amenishauri nishike leso yake, ile iliyobaki na doa, niifinye mpaka nimalize. Nitaifinya. Nitasema pole pole. Nitasema swali alilouliza, na jibu ulilompa, na kilichokuwa mkononi mwake. Na jina lake nitalitaja lote, la ubatizo na la ukoo, nikimwangalia.

Lakini kesho sitaenda Migori moja kwa moja. Nitashukia Awendo kwanza. Watu wa trela wakitaka, waje tena na mawe yao, meno yangu bado yako yote. Nitasimama getini kwako nikuite kwa sauti, majirani wasikie. Wadhi, Achieng'. Twende. Halafu Uriri nitakuambia hapa ni Uriri. Migori nitakuambia tumefika, kaa karibu na mimi usikie. Jioni tukirudi nitakutajia Rongo, nitakutajia Rodi, mpaka kwa Mama na ufagio wake.

Na tukishapumzika, nitaendelea kukutajia. Achieng', hapa ni Roma. Achieng', hii ndiyo Napoli, na pizza yenyewe ni ya kawaida. Hii ni Florensi, angalia mbele usiangalie vioo vya maduka. Na hapa, nyamera, ni Venisi, maji yako mlangoni na watu hawajahama. Nakuahidi sitaruka hata stesheni moja.

Yule afisa nilimjibu, "Peke yangu." Akagonga muhuri. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Kwaheri ya leo ni fupi, kwa sababu tunaonana kesho. Vaa viatu mapema. Nakupitia.

Akinyi wako