Nimewekewa Kiti cha Mbele Kwenye Filamu ya Mchango

Dada mshauri, nisaidie, mimi si mtu wa maneno mengi. Nimesoma mpaka la nne. Ni hamali hapa sokoni Vadakara, mwaka wa thelathini huu nabeba nazi na magunia ya mchele. Mke wangu Devaki alifariki miaka sita iliyopita.

Tulipata mtoto mmoja. Alizaliwa tukaambiwa mvulana. Yeye akasema ni msichana, na leo anaitwa Niranjana. Mama yake alimkubali kimyakimya. Mimi nilimfukuza. Siku ya msiba wa mama yake akaja amevaa sari, anataka kuwasha moto wa kumchoma marehemu, maana ndiye mtoto pekee na kwetu hiyo ni kazi ya mtoto, nami nikamzuia mlangoni watu wote wanaona, kienge nikampa mtoto wa kaka yangu. Akageuka akaenda zake. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwezi uliopita chama chao, watu kama yeye na wale wanaopenda wa jinsia yao, walionyesha filamu uwanja wa maktaba kuchangisha pesa. Wanatafuta nyumba ya kupokea vijana waliofukuzwa kwao. Genge letu ndilo lililobeba viti na spika, mizigo yote ya mtaa ule ni yetu. Kitambaa cheupe cha filamu nilikifunga mimi. Kazi ikaisha, wenzangu wakaondoka, mimi nikatoa mchango rupia mia mbili nikaenda kukaa nyuma ya kitambaa, kwenye majani, nisionekane. Picha inapenya, unaiona vilevile. Mwenzangu Rayin, yeye peke yake hakuondoka, akachungulia akaniuliza, mzee, umelipa mia mbili uje ukae na mbu?

Ilipoisha Niranjana akaja huko nyuma na glasi ya chai. Akaiweka chini karibu yangu.

"Baba, huku maandishi ya filamu yamegeuka kinyume."

"Hata mbele yananipita. Mimi nasoma polepole."

Akacheka. Miaka sita sijakisikia kicheko kile, ni cha mama yake kabisa. Akaenda kukusanya viti.

Sasa mwezi ujao, Jumapili ya pili, wanaonyesha nyingine. Amemtuma Rayin aniambie nimewekewa kiti mstari wa mbele, pamoja na wazazi wengine wanne. Rayin anasema watu wakiona wazazi wamekaa pale wanatoa zaidi, mwaka jana mama mmoja alikaa tu, neno hakusema, na ndoo ya mchango ikajaa.

Majirani siwaogopi. Walishasema wakachoka. Kinachonisumbua ni hiki. Watu wataniona pale watasema huyu ni baba mwema, watatoa pesa kwa sababu yangu. Na ile nyumba inatafutwa kwa sababu ya watu kama mimi. Nikikaa, si nitakuwa nimewadanganya? Na nisipokaa, atacheka tena lini?

Chathukutty, hamali. Jina liandike tu.

*

Kaka Chathukutty,

Pole kwa kumpoteza Devaki. Pole nyingine sina. Ulichomfanyia mtoto pale mlangoni ni kibaya na wewe unakijua, ndiyo maana ulikwenda kukaa na mbu.

Lakini usinifanye mjinga. Unajidai unawahurumia wachangaji. Wachangaji hawajakuuliza kitu. Kiti kimewekwa na mtoto uliyemfukuza, na yeye hajasahau ni nani aliyesimama mlangoni. Angetaka ndoo ijae tu, angemwita tena yule mama wa mwaka jana.

Miaka sita, mtu mzima unayebeba gunia la kilo hamsini, neno "nilikosa" limekushinda uzito. Chai kaleta yeye. Kicheko katoa yeye. Kiti kaweka yeye. Wewe umetoa rupia mia mbili. Ona aibu kidogo, kaka yangu, halafu uinuke.

Usiingoje hiyo Jumapili. Nenda kwake wiki hii, mchana, bila Rayin. Mwambie kwa mdomo wako habari ya moto wa mama yake. Usitafute sababu, usiseme watu wangesemaje. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikasirika, msikilize mpaka mwisho, ni haki yake. Na mwezi wa Karkidakam, siku ya kuwalisha marehemu, muulize kama angependa mwende pamoja ufukweni kumwekea mama yake wali. Aamue yeye.

Kisha muulize kama wazazi wanaruhusiwa kusema neno kabla ya filamu. Akikubali, simama useme hayohayo uliyoniandikia: mimi nilimfukuza wangu, toeni mchango watoto wa wengine wapate pa kulala. Hapo hakuna aliyedanganywa, na ndoo watatafuta ya pili. Maneno yakikukwama, kaa tu.

Siku yenyewe oga, vaa shati jeupe, la kazi liache nyumbani, fika mapema. Macho ya watu yakikutisha, vumilia dakika chache. Taa zitazimwa, na kila mtu atakuwa anatazama filamu.