Video ya Harusi ya Niemba, Sehemu ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Julai

Konsoli ya michezo imeipoteza kompyuta tena. Mara ya tatu tangu asubuhi. Watoto sita wamekaa chini sebuleni, wananiangalia kana kwamba mimi njo nimekata umeme wa mji mzima. Nimezima ruta. Nimehesabu hadi ishirini. Nimewasha. Nimeingia biro ya Papa, chumba chake cha kazi, nimeiambia kompyuta iache kujifungia milango. Nimerudi. Jina lake limetokea kwenye televisheni, video ikaanza. Makofi. Nikainama kama waziri.

Hakuna mwingine karitie nzima, mtaa wote huu, anayeweza jambo hili. Wenye diploma waje wajaribu. Mimi niliishia ya tatu sekondari, na hata huko nilifika kwa kusukumwa. Walisema ruta bila interneti ni tofali. Nikawaambia: kompyuta iko biro, konsoli iko sebuleni, katikati kuna kuta mbili tu. Kuongea wao kwa wao, wapitie Ulaya kufanya nini?

Kuhamisha kompyuta, hapana. Papa alikataza. Njo kompyuta yake ya kazi, ameifunga na betri na waya kama matumbo ya mbuzi. Papa anapiga video za harusi, ubatizo na vilio vya misiba. Alikwenda Moba na kamera kupiga jubilei ya padri, boti zikasimama. Wiki ya tano sasa. Simu inashika siku moja kati ya nne.

Siku ya kumi na tisa sijatoka nje ya ukuta wa parseli yetu. Mama ameficha viatu vyangu. Barabarani askari wanakamata vijana, wanasema ninyi ni waasi. Nyuma ya askari, vijana wa upande wetu, wa kabila letu, wanakamata vijana, wanasema kwa nini hamuji kupigana. Ukiwa na miaka kumi na nane Kalemie hii, kila mutu anakutaka. Kijana mzuri namna hii, nimefungiwa pamoja na kuku.

Watu kumi na wanne, vyumba vitatu. Naandika hapa biro, mgongo nimeuegemeza mlangoni wasiingie.

Jumanne, tarehe 4 Julai

Mama Mukubwa ameniomba kitu. Haombi kitu huyu.

Ni dada mkubwa wa Mama. Alikimbia Niemba mwezi wa tano, kijiji kilipochomwa. Alifika kwa miguu na sufuria mbili na mwanamke mmoja, Mama Tabu, mjane wa kaka yao wa Kongolo. Mume wa Mama Mukubwa, Papa Kilolo, hakufika. Hakuna aliyemzika. Hakuna hata picha yake, zote ziliungua.

Ameuliza kama harusi ya binti yake Feza iko kwenye kompyuta. Papa yangu aliipiga kule Niemba miaka mitatu iliyopita. Feza sasa yuko Kigoma na mume wake, diski waliyopewa ilibaki nyumbani, nayo ikaungua.

Iko. Sehemu mbili. Konsoli imezikataa zote mbili, inasema haisomi aina hii. Nimeanza kuigeuza ya kwanza. Kompyuta inaomba masaa matano. Ni mzee huyu, tumheshimu.

Nimemwambia Mama Mukubwa: kila kilicho ndani ya kompyuta hii nakifikisha kwenye televisheni, kitake kisitake. Nilisema kwa sauti kubwa, mlango wazi, hadi majirani wasikie.

Jumatano, tarehe 5 Julai

Sebule ilijaa. Wa nyumbani, majirani, na majirani wa majirani. Mimi katikati na kidude cha konsoli mkononi, kama askofu na fimbo.

Papa ana sheria moja ya kazi. Hamwachi mutu. Kamera inapita kiti kwa kiti, uso kwa uso, hata mlevi, hata aliyesinzia, kwa sababu asiyejiona kwenye video ya harusi ataleta maneno mwaka mzima. Halafu kwenye montaji, akikata na kuunganisha video, anaandika jina la kila mmoja chini ya uso wake. Jina zima, herufi za rangi ya dhahabu. Watu wanapenda mno. Wanakaa wanangojea jina lao litokee.

Mama Mukubwa aliona jiko lake, paa lake, mbuzi wake watatu. Akaniambia nisimamishe kwenye jiko. Nikasimamisha. Tukaangalia jiko muda mrefu, watu wazima thelathini. Hakuna aliyecheka.

Na wale wa upande wa pili, tunaopigana nao sasa, walikuwepo pia. Kabila lao siandiki, daftari hili linaweza kukamatwa. Walikuwa majirani tu. Wanacheza na sisi, wanakula sahani moja na sisi. Kila walipotokea, sebule ilinyamaza, na jina la dhahabu likapita chini polepole.

Papa Kilolo anaonekana kidogo tu, kwa mbali, anabeba viti. Hotuba yake ya kumbariki Feza iko sehemu ya pili. Mama Mukubwa ameuliza lini. Nikamwambia upesi sana, injinia yuko kazini.

Mama Tabu hakuja. Alikaa jikoni muda wote. Nilimtania kwamba anaogopa televisheni isimuone. Alicheka, lakini alichelewa kucheka.

Alhamisi, tarehe 6 Julai

Amekuja Mulongo. Njo mkubwa wa vijana wa upande wetu hapa karitie. Mzaliwa wa hapa hapa, Niemba anaijua kwa kusikia. Alikuja na wenzake watatu, wakaingia na viatu. Mama aliwapa viti, akaenda kusimama mlangoni.

Mulongo ana adabu. Aliniita ndugu. Aliomba aione ile harusi. Nikamwekea. Kila lilipotokea jina la mutu wa upande wa pili alisema, simamisha. Nikasimamisha. Akainua simu, akapiga picha ya televisheni. Simamisha. Picha. Simamisha. Picha.

Nilidhani anapenda kazi yangu. Nikamwonyesha hata jinsi ya kwenda picha kwa picha ili jina lisomeke vizuri. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: nilijisifu. Nilimwambia hakuna mwingine Kalemie anayejua hivi.

Kuondoka akauliza sehemu ya pili. Amesikia huko kuna meza ya jioni na wageni wengi zaidi. Nikamwambia Jumamosi. Jibu lilinitoka haraka kama la mtoto anayeulizwa jina lake.

Ijumaa, tarehe 7 Julai

Mama ametoka sokoni bila mboga. Asubuhi walimchukua mzee mmoja anayeziba mipira ya baiskeli karibu na gare ya treni. Mzee wa upande wa pili, lakini hakuna aliyejua. Hapa mjini alijiita jina lingine. Vijana wa Mulongo walifika wakamwita kwa jina lake lote, majina matatu. Akageuka.

Namkumbuka. Kiti cha mwisho, koti la kahawia, sahani ya wali magotini. Majina matatu kwa dhahabu.

Njo mimi. Papa aliliandika, lakini njo mimi nililifikisha.

Sikula. Sahani yangu nimewapa kuku.

Mchana Mama Mukubwa aliingia biro, akafunga mlango, akakaa juu ya sanduku la betri. Alinisemesha kama mtu mzima mwenzake. Afadhali angenipiga.

"Tabu si mjane wa kaka yetu," alisema. "Hatuna kaka Kongolo. Tabu ni wa upande ule."

Nikaangalia tena kama mlango umefungwa. Mimi.

"Yuko kwenye hiyo ya pili. Amekaa karibu na mume wangu. Njo yeye alimupokea Feza siku ya kuzaliwa, tungefanya harusi bila yeye? Na Papa yako ameandika jina lake."

Mama anajua. Tangu siku ya kwanza anajua. Kumbe nyumba hii yote inabeba kitu, na mimi peke yangu nilikuwa napiga kelele mlangoni.

Nilimwambia nitasema imeharibika. Akatikisa kichwa. Mulongo atabeba kompyuta, atatafuta mwingine wa kuifungua. Na mimi njo nilitangaza kwamba kila kilicho ndani kinatoka.

Jumamosi, tarehe 8 Julai

Mulongo alifika saa nne. Nikamwambia bado inageuka, faili ni nzito. Akasema kesho baada ya misa. Aligusa ruta kwa kidole akasema kamashine kadogo hivi.

Alipoondoka nilijaribu kukata video. Nina programu ya montaji ya Papa, naijua kidogo. Papa amepita kwa Mama Tabu mara saba. Mara saba. Na wakati wa hotuba Mama Tabu amekaa ubavuni kwa Papa Kilolo kabisa. Ukimwondoa yeye, unamwondoa Papa Kilolo. Kamera haiachi nafasi hata ya kidole.

Nikawaza nifute hiyo moja tu. Lakini ikikosekana moja, na ile ya kwanza ikiwepo, hata mbuzi ataelewa. Lazima zikosekane zote. Harusi zote, ubatizo wote, vilio vyote. Miaka tisa ya Papa. Nusu ya mji imo humu imevaa nguo nzuri.

Nimezunguka parseli mara arobaini. Hatua kumi na nane, kona, hatua kumi na moja, kona. Ukutani upande wa barabara wamekaa vijana wawili wa Mulongo wanakula miwa. Hawajifichi. Mmoja alinisalimia.

Naogopa. Nimeandika.

Jumapili, tarehe 9 Julai

Mama aliwapeleka wote misani, hata mtoto mwenye homa. Tukabaki watatu. Mimi, Mama Mukubwa, Mama Tabu.

Sehemu ya pili ilikuwa tayari. Nilifunga pazia, nikapunguza sauti. Konsoli iliikuta kompyuta mara moja, bila ubishi. Siku zote naomba hivyo, leo ningependa igome.

Mama Tabu alikaa sebuleni kwa mara ya kwanza. Alijiona amevaa kitenge cha kijani. Alisoma jina lake polepole, herufi kwa herufi, kwa midomo. Nadhani hakuwahi kuliona limeandikwa kubwa hivyo.

Papa Kilolo alisimama, kofia mkononi, akambariki Feza. Sauti ndogo, ya mutu asiyezoea kusimama mbele za watu. Mama Mukubwa alisogea hadi magoti yakagusa meza ya televisheni. Akaomba nirudishe. Nikarudisha. Hakulia hata mmoja wao.

Halafu Mama Mukubwa akasema, "Inatosha. Futa."

Nilifuta. Folda nzima ya kazi. Nikamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Halafu nikajaza nafasi yote na katuni za watoto, nakala juu ya nakala, ili chini pasifufuke kitu.

Mulongo alikuja na watu watano, mmoja wao amemaliza diploma. Televisheni ikaonyesha katuni. Nikasema nilitaka kusafisha kompyuta ipate nafasi, nikabonyeza vibaya. Nikalia kidogo. Haikuwa kazi ngumu.

Mwenye diploma alikaa biro saa nzima. Alitoka akasema hamna kitu, huyu ameua kila kitu. Mulongo alinipiga makofi mawili, la pili kwa mkono wa nyuma. Mama Tabu alikuwa amesimama palepale, na sinia la maji kwa wageni. Wakanywa.

"Na walisema huyu njo injinia," Mulongo alisema.

Wakacheka. Nikacheka pia. Nilicheka kuliko wote.

Jumanne, tarehe 11 Julai

Simu imeshika. Papa, kutoka Moba. Boti bado. Alisalimia watu wote kwa zamu, halafu akauliza kompyuta yake.

Nilikuwa uani, na nje ya ukuta bado kuna mtu wa Mulongo. Nikasema kwa sauti, Papa, nimefuta video zako zote, nilikosea. Nikafikiri laini imekatika.

"Hata ya Niemba?"

Nikasema hata ya Niemba. Akashusha pumzi. Akasema nimpe Mama. Sijui walisema nini. Mama alisikiliza tu, akasema ndiyo, ndiyo, akanigeuzia mgongo.

Karitie wananiita Mufutaji. Watoto wanaimba. Najua majibu matano mazuri ya kuwarudishia, nimeyameza yote matano. Uchungu wake sikuujua.

Yule mzee wa baiskeli hajarudi.

Alhamisi, tarehe 13 Julai

Umeme hakuna. Upepo wa ziwa tangu asubuhi, vumbi kila mahali. Nimefunika konsoli na kitambaa.

Mchana nimekaa uani na Mama Mukubwa, tunachambua maharage. Halafu akaniuliza, ile kofia Papa Kilolo aliishika mkono gani. Alisema ameamka asubuhi hajui tena.

Nimeiona ile hotuba mara mbili, macho yangu mazima. Nilifikiri sana. Sikumbuki.

"Wa kushoto," Mama Tabu alisema kutoka jikoni. "Wa kuume aliuweka juu ya kichwa ya Feza."

Mama Mukubwa akasema, "Ee. Njo vile."

Tukaendelea na maharage.