Koti Jekundu la Tansy

Mshauri mheshimiwa,

Naomba uniwie radhi kwa kuichukua nafasi ya wenye shida kubwa zaidi, lakini nimechoka na sina mwingine wa kumuuliza. Mimi ni mgane wa miaka sabini na moja, mkazi wa milimani huku North Carolina, niliyelelewa katika shule ya misheni, na kwa muda mrefu mimi na marehemu mke wangu, Oleta, tulikusudia kuitembea kwa miguu ile njia ndefu ya misituni ianzayo Georgia na kuishia Maine, tukifuatana na mbwa wetu, Tansy, na kwa kuwa wanaoruka vipande hawahesabiwi kuwa wameitembea, Oleta alizoea kuniambia, “Harlan, yote, au tubaki nyumbani tukaange mayai,” nami nikamwahidi yote, naye akafariki vuli iliyopita kabla hatujaanza.

Nimepanga kuondoka majira ya kuchipua. Mzigo nimeufunga, vifurushi vya chakula vya kutumwa katika posta za njiani viko tayari, hata viatu vya Tansy vya kumkinga na mawe nimevinunua, ila njia hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Milima ya Smoky, ambako mbwa haruhusiwi katika njia za miguu, na desturi ya watembeaji ni kumwacha mbwa kwa mlezi na kurejeshewa upande wa pili, yapata juma moja baadaye, na tangu msiba Tansy hagusi chakula mpaka niketi sakafuni kando yake. Nilimpeleka kwa mlezi mmoja, Bi Wilma, kwa majaribio, naye akanipigia simu siku iliyofuata.

“Mzee Ledbetter, njoo umchukue mwanao. Hataki kula, hataki maji, ananitazama kama mimi ndiye niliyemzika mama yake.”

Kisha akaja mpwa wangu, Dwight, na koti jekundu la mbwa wanaowasaidia wagonjwa, ambao wao huruhusiwa kuingia.

“Mvalishe tu, mjomba. Mzee mwenyewe unachechemea, askari gani atakuuliza?”

“Sichechemei.”

“Basi anza leo.”

Kwa aibu nakiri kwamba nilimvalisha tukaenda dukani, na mwenye duka, kwa upole mwingi, akaniuliza naumwa nini, nami nikamjibu, “Moyo,” na tangu hapo silali vizuri, kwa kuwa siwezi kuamua kama nilimdanganya. Je, nimvalishe koti, nimwache kwa Bi Wilma, au niiruke hifadhi na kuivunja ahadi yangu kwa marehemu? Unisamehe kwa maneno mengi.

Wako mnyenyekevu,
Harlan Ledbetter

*

Mzee Ledbetter,

Pole sana. Umefiwa, na mbwa wako amefiwa, na ninakuheshimu kwa kuketi sakafuni na magoti ya umri huo.

Sasa nikukaripie. Lirudishe koti kwa Dwight leo, na umwambie nimesema aone haya. Kila anayemvika mbwa koti la uongo anamponza kipofu na mwenye kifafa, maana askari aliyekwisha kudanganywa huwasumbua wao. Isitoshe, wewe huwezi. Aliyekosa usingizi kwa jibu moja la dukani atadanganya juma zima? Askari wa kwanza utamwungamia kabla hajakusalimu.

Kwa Bi Wilma usimrudishe. Ameshakujibu, na Tansy pia.

Iruke hifadhi. Najua watembeaji watasemaje: “Huyo mzee kapanda gari!” Waache. Mkeo alitaka yote, hakukupangia kipande kipi kitangulie. Dwight, aliye mwepesi wa mawazo, awasubiri ukingoni mwa hifadhi awavushe kwa gari hadi upande wa kaskazini, na mafuta atie yeye. Chakula cha Tansy kibebe wewe. Mkague nyayo kila jioni. Keti chini naye akila, hata kama kuna matope. Akianza kuchechemea, mnarudi nyumbani, na hapo usiniandikie kuniuliza.

Umenieleza mpaka viatu vya mbwa huyu, lakini umri wake hukuutaja, na nadhani najua kwa nini. Kipande cha Smoky hakiendi popote, mzee wangu. Ipo siku utaweza kukitembea bila kumwacha yeyote kwa mlezi. Usiiharakishe siku hiyo.