Jina Kwenye Jabali la Bugarama

Jumamosi, Bugarama

Nimenawa mpaka sabuni imekwisha, na kinyaa bado kimenikaa.

Yule muzungu wa Kamembe anayetafuta majabali ya kupanda kwa kamba alinichukua leo nimsaidie lugha. Alijipaka mikononi unga mweupe aliotoka nao Ulaya, asiteleze. Mimi unga wa mawe haya anayoyapanda naukohoa kila asubuhi kwenye kiwanda cha simenti.

Alifika juu, akashuka akicheka. Kwao, anayepanda wa kwanza ndiye anayetoa jina. Akafungua rangi nyekundu aandike "Kimya," eti hakuna muntu aliyewahi kupagusa.

Maman Vestine alikuwa anapalilia muhogo wake pale chini, akaniita. "Papa, umwambie batu balipanda hapa. Wakati ya vita, usiku, bila kamba. Mimi nilipanda na mutoto ku mugongo."

Nikatafsiri. Muzungu akauliza nani aliyemwona. Bila shahidi, akasema kwa upole, haihesabiwi.

Hilo sikulitafsiri. Maman alikuwa ananingoja, jembe mkononi. "Anasema nini?"

"Anauliza mutoto alikuwa anaitwa nani."

"Neema. Alikufa kule juu."

Muzungu akadaka neno. Neema ni nini? Nilikuwa nimechoka naye, nikasema ni jina tu. Akasema ni zuri kuliko Kimya, akachovya brosi, akaliandika kwenye jiwe, herufi kubwa.

Maman akasoma polepole. Akaweka jembe chini.

"Papa, umwambie aksanti."

Hilo nililitafsiri.