Soya za Kuku

Dada, nakuandikia nikiwa hapa ghalani kazini.

Wadudu wamemaliza shamba lote la mbegu. Lote! Bosi kaniuliza, "Mama, zile soya nyeusi zenye madoa ziko wapi? Wadudu hawa hawaziwezi. Nataka nizichanganye uzazi na hizi nyeupe, tupate mbegu sugu."

Nikamwambia nilizichambua nikazitoa. Miaka sita nazitoa, zibaki nyeupe tupu. Mwenyewe alikuwa akinisifu!

Akasema taratibu, "Ulizitoa." Hakufoka. Afadhali angefoka.

Nimejaribu kusali.

Halafu nikakumbuka lile debe la soya nyeusi nililokupa Jumapili. Nakusihi kwa jina la Mungu, usiwape kuku. Kama umeshawapa, pekua chini ya banda. Hata punje moja, dada. Bosi yuko mlangoni, kashika bahasha tupu ya kuwekea mbegu.