Namba ya mama mkwe kwenye data za majaribio

Mwenzangu, uko wapi? Kidoti wa meza ya pembeni yangu kapatikana leo!

Si unaijua ile programu ya hospitali tunayotengeneza? Kabla ya kila jaribio, kompyuta inajaza wagonjwa wa uongo, ikimaliza inawafuta. Sasa mgonjwa mmoja wa uongo, Kidoti kampa namba ya simu ya mama mkwe wake. Namba ya kweli! Eti ndiyo iliyomjia kichwani.

Leo akasahau kuzima sehemu ya programu inayowatumia wagonjwa ujumbe wa simu. Majaribio yote yakafaulu, tukapiga makofi.

Mara simu ya Kidoti ikaita. Mama mkwe analia: "Mwanangu, hospitali wameniandikia majibu ni mabaya, nifike leo hii."

Majibu ni mabaya! Maneno aliyoyatunga Kidoti mwenyewe!

"Mama, nisamehe, ule ujumbe umetoka kwangu. Ni wa majaribio tu."

Mama akauliza polepole: "Kwa hiyo kile kipimo nilichofanya juzi... siumwi?"

Mwenzangu, Kidoti hakujua kama mama amepima. Nyumba nzima hawakujua.

Akamjibu, "Sijui, mama. Nakuja." Kachukua mkoba, kaondoka mbio, kompyuta kaiacha inawaka.